Kisima cha mfadhili, spana ya nani?

Ukitoka Gede ukashika njia ya bara, ukauacha msitu wa Arabuko-Sokoke nyuma yako, hukosi kukutana na kisima chenye kibao kizuri na pampu isiyotoa maji. Kibao kinataja jina la aliyetoa na mwaka aliotoa. Pampu imekatika mpini, au mpini upo lakini ukiupiga mara mia husikii ila pumzi. Kina mama washarudi kwenye silanga walikokuwa wakiteka zamani, na mtungi wa lita 20 umerudi kuwa mali ya mwenye mkokoteni.

Jambo hili si la Kilifi peke yake. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji ya vijijini, RWSN, ulikusanya hesabu za pampu za mkono kutoka nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa wastani, pampu 36 katika kila 100 zilikuwa hazifanyi kazi. Hebu fikiria sako lenye matatu 100 ambapo 36 zimelala gereji daima. Abiria wangekwisha kuandamana. Kwa maji ya kijijini hakuna aandamanaye, kwa sababu pampu ilikuja bure, na kitu cha bure watu huona haya kukilalamikia.

Wasomi wanaiita kazi hii uhandisi wa kibinadamu: ufundi wa maji, madaraja, vyoo au umeme unaofanywa kuondoa dhiki, si kutafuta faida. Sisi huku tunasema tu "mradi". Makala haya yanahusu aina moja ya miradi hiyo, ile ambayo wenyeji ndio wenye kushika usukani, na nimechagua kuieleza kupitia chombo kimoja ambacho wengi wetu tumekitumia bila kujua kimetoka wapi. Pampu ya mkono iitwayo Afridev, ambayo leo iko Msumbiji, Malawi, Ethiopia, Pakistan na Afghanistan, ilikamilishwa na kujaribiwa hapa hapa pwani yetu, Kwale, na waliojifunza kuitengeneza ikiharibika walikuwa wanawake wa vijijini.

Ilivyoanza Kwale

Miaka ya 1981 hadi 1990 Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa mwongo wa maji ya kunywa na usafi. Pesa zilikuwapo na mashine za kuchimba zilikuwapo. Kilichokosekana ni pampu ya kudumu. Pampu nyingi za wakati ule zilikuwa za chuma kizito, na ikiharibika hata sehemu ndogo tu huko chini, ilibidi bomba zima la chuma livutwe juu kwa miguu mitatu na mnyororo. Kazi hiyo ilitaka lori, kikosi cha mafundi wa serikali, mafuta ya lori na posho ya mafundi. Kijiji kilipeleka habari kwa chifu, chifu akapeleka wilayani, wilayani wakasema gari ni bovu. Miezi ikapita.

Juu ya hayo, maji ya chini ya ardhi ya pwani yanakula chuma. Bomba la mabati likikaa ndani ya maji hayo hutoa kutu, maji yakawa mekundu na yenye ladha ya msumari, na watu wakakiacha kisima hata kabla hakijaharibika.

Mwaka 1983 Wizara ya Maji ya Kenya, pamoja na UNDP na Benki ya Dunia, na kwa fedha za Uswidi, ilianza mradi wa kujaribu pampu za mkono upande wa Diani, wilaya ya Kwale. Wahandisi walikuja na aina mbalimbali za pampu, wakazifunga na kupima ipi inachakaa wapi. Kulikuwa na mbegu iliyotoka Malawi, pampu iliyoitwa Maldev, nayo ikaendelezwa hadi ikawa Afridev. Lakini jambo lililoufanya mradi wa Kwale ukumbukwe halikuwa chuma. Lilikuwa uamuzi wa kuliita shirika la Kenya, KWAHO, lililokuwa likishughulikia maji na afya tangu 1976, lisimamie upande wa watu. Kazi ya KWAHO ilikuwa kukaa na wanakijiji: kisima kichimbwe wapi, nani atashika pesa, nani atashika funguo, pampu ikikatika nani atapanda juu yake.

Ndipo likazuka swali ambalo kwa mhandisi wa wakati ule lilikuwa geni: je, mama asiyesoma, mwenye mtoto mgongoni, anaweza kuifungua pampu hii mwenyewe? Kama hawezi, kosa ni la pampu. Ikachorwa upya.

Ndani ya pampu yenyewe

Inafaa kuijua, kwa sababu ukiielewa pampu hii utaweza kuutazama mradi wowote mwingine kwa jicho hilo hilo.

Juu ya kisima kuna nguzo ya chuma yenye mdomo wa maji na mpini mrefu. Mpini unazunguka juu ya bushi za plastiki, si za chuma, kwa hivyo hazitaki grisi, na zikichakaa huchomolewa kwa mkono zikatiwa nyingine. Kutoka kwenye mpini kunashuka fimbo nyembamba ndani ya bomba la plastiki la milimita 63, lile bomba gumu ambalo fundi yeyote wa mifereji Malindi anajua kuligundisha kwa gundi yake. Mahali penye maji ya kula chuma, fimbo hizo huwa za chuma kisichoshika kutu. Chini kabisa kuna silinda ya milimita 50, na ndani yake pistoni yenye kikombe cha mpira. Ukishusha mpini pistoni inapanda na kuvuta maji. Ukiuinua pistoni inashuka, na valvu ya chini inayazuia maji yasirudi.

Siri iko katika vipimo. Silinda ni nyembamba kuliko bomba lililo juu yake. Maana yake ni kwamba pistoni, na hata valvu ya chini, vinaweza kuvutwa juu kupitia ndani ya bomba bila kuling'oa bomba lenyewe. Hakuna miguu mitatu wala mnyororo, na lori halihitajiki. Fimbo hazikufungwa kwa nati, zimeshikana kwa kulabu, kwa hivyo unazinyofoa moja baada ya nyingine zikipanda. Kichwa cha pampu kinafunguka kwa spana moja tu, na kwa valvu ya chini kuna ndoana ya kuivulia, kama mtu anavyovua ndoo iliyotumbukia kisimani. Kipande kinachofanya kazi ya valvu ndani ya pistoni ni sawasawa na kile cha valvu ya chini, ili mwenye kununua kipuri asikosee.

Kwa hivyo kazi iliyokuwa ikitaka lori ikawa ya watu wawili watatu kwa muda wa asubuhi. Pampu inaweza kuvuta kutoka kina cha hadi mita 45 na inakusudiwa kuhudumia watu wapatao 300. Michoro yake haikufichwa. Ilichapishwa wazi ili kiwanda chochote kiweze kuitengeneza kwa vipimo vile vile, na kipuri cha kiwanda kimoja kiingie katika pampu ya kiwanda kingine. Mtu aliyewahi kutafuta kipuri cha jenereta ya kutoka mbali ataelewa mara moja thamani ya neno hilo.

Kina mama na kitabu cha hesabu

Katika Kwale vikundi vya kisima vilifanywa vingi vyenye wanawake, na mara nyingi mweka hazina alikuwa mwanamke. Vikundi vilifungua akaunti na kuchanga kidogo kidogo. Wanawake walifunzwa kufungua pampu, kubadilisha mpira na kuifunga.

Baadhi ya wageni walioandika juu ya jambo hili waliliona kama maajabu. Mimi silioni hivyo. Maji ya nyumbani pwani ni kazi ya mwanamke, awe Mdigo, Mgiriama au Mswahili wa mjini. Pampu ikifa, anayeamka saa kumi alfajiri kwenda mbali si mwenyekiti wa kamati. Mwenye kuumia ndiye mwenye haraka ya kutengeneza. Tena kuna hesabu nyingine ambayo haikuandikwa katika ripoti nyingi: kijana wa kiume ukimfunza ufundi leo, kesho ameupeleka Mombasa, na kesho kutwa yuko Qatar. Huwezi kumlaumu, ameona riziki. Lakini spana imebaki na mpini hauna mwenyewe. Siku hizi hata mabinti wetu wanakwenda Saudia kutafuta, kwa hivyo hesabu hiyo nayo imeanza kuharibika, na mafunzo ya mara moja mradi unapofunguliwa hayatoshi tena. Yanatakiwa yarudiwe kila baada ya miaka michache, kama chanjo ya ng'ombe.

Jiwe letu na maji yetu

Msomaji wa Watamu anaweza kuuliza: kwani pampu ya mkono ina nini ambacho mota ya umeme haina? Mota inavuta haraka, unajaza tangi, umemaliza.

Jibu liko chini ya miguu yetu. Timboni, Jimba, Dabaso, sehemu kubwa ya mwambao huu imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu kama sifongo. Mvua inaingia upesi, na bahari nayo inaingia. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hivyo yanaelea juu yake ardhini, kama tui zito lililojitenga juu ya mchuzi. Wataalamu wawili wa Ulaya, Ghyben na Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, walipiga hesabu ya jambo hilo: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa ipige hesabu hiyo kinyume. Ukiyavuta maji hadi yakashuka nusu mita, chumvi iliyo chini imepewa nafasi ya kupanda kiasi cha mita 20. Ukiyavuta kwa pupa chini ya mota moja, inapanda papo hapo ilipo mota. Kisima kilichokuwa kizuri kinaanza kutoa maji ambayo sabuni haitoi povu, na chai yake huhitaji kuambiwa.

Pampu ya mkono haiwezi kufanya uharibifu huo kwa urahisi, maana nguvu yake ni nguvu ya bega la mtu. Hiyo ni kasoro ukiwa na hoteli, lakini ni kinga ukiwa na kijiji. Sisemi mota ziharamishwe. Nasema kwamba mradi unaotaka kuweka mota na paneli za jua karibu na ufuo, bila kwanza mtaalamu wa maji ya ardhini kupima, unakula akiba ya jirani. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kisima kirefu kiwe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ombi la kibali linakwenda na ripoti ya upimaji huo. Mfadhili akikwambia "hayo makaratasi tutayaona baadaye", ujue atakayeyaona ni wewe.

Na tusidhani habari ya maji kushuka ni ya leo. Pale Gede, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, James Kirkman alipofukua kuanzia 1948 aliona dalili kwamba kisima karibu na msikiti mkuu kilizidishwa kina. Akalitaja hilo kuwa mojawapo ya sababu zinazoweza kuwa ziliwahamisha watu wa mji ule. Wenye mji walikuwa na misikiti ya mawe, vyoo na mifereji ya maji machafu, na hayo yote hayamfai mtu kisima kikikauka.

Kilichoshindikana

Ingekuwa uongo kusimulia Kwale kama hadithi ya mafanikio matupu. Pampu mia kadhaa zilifungwa miaka ya 1980 na 1990, na nyingine zilidumu miaka ishirini na zaidi, jambo la kuheshimiwa kwa chuma kinachopigwa tangu alfajiri hadi magharibi. Lakini mradi ulipokwisha na magari ya mradi yakaondoka, vilibaki vijiji vingi, kila kimoja na pampu yake na mfuko wake mdogo.

Tazama hesabu ya kubuni. Kaya 50, kila moja shilingi 50 kwa mwezi, ni shilingi 2,500. Kwa mwaka ni 30,000, na pesa hizo zatosha kununua mipira na bushi na kubaki na akiba. Lakini mvua za masika zikinyesha watu wanateka maji ya paa, hawaoni kwa nini walipe. Mwaka wa kwanza pampu haijaharibika, kwa hivyo akiba inakaa, na akiba inayokaa hupata wajomba. Mwaka wa nne pampu inakatika, kitabu hakionekani, na mwenye kipuri yuko mjini. Kwa wengi ndipo kisima kinapofia, kwenye pesa na kwenye umbali wa duka la vipuri, ilhali pampu yenyewe ingetengenezeka kwa asubuhi moja.

Waliolishughulikia jambo hili kwa akili mpya walikuwa tena hapa Kenya. Mwaka 2013, huko Kyuso, kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia kifaa kidogo ndani ya mpini wa pampu. Kifaa kinahesabu mpini unavyopanda na kushuka, kisha kinatuma idadi hiyo kwa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua kabla ya chifu. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa karibu mwezi mzima bila kutengenezwa. Kwa utaratibu mpya, chini ya siku tatu kwa wastani. Kutokana na kazi hiyo ikaanzishwa kampuni ndogo ya mafundi, FundiFix, Kitui na Kwale. Vijiji vingi vinalipa ada ndogo ya kawaida kwa fundi mmoja wa eneo zima, naye anaahidi kufika kwa siku chache. Hatari ya pampu moja inagawanywa juu ya pampu nyingi, kama watu wa chama wanavyozikana.

Jambo moja wanalokiri wenyewe: ada za wanakijiji pekee hazitoshi, na kuna mfuko wa nje unaozijaliza. Ukweli huo ni mchungu lakini afadhali usemwe. Mjini, mabomba yanayoleta maji ya Baricho kutoka kandokando ya Mto Sabaki hadi Malindi, Watamu na Mombasa yalijengwa kwa fedha za umma na yanatengenezwa na mashirika ya umma. Mwanakijiji maskini ndiye peke yake anayeambiwa ajitegemee kwa asilimia mia, na anayemwambia hivyo ana mfereji jikoni. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, haikubagua, na huduma za maji imeziweka mikononi mwa kaunti. Kikundi cha kisima kina haki ya kuiuliza kaunti ya Kilifi fundi wa eneo lake ni nani.

Visima vya sadaka

Hapa nitasema na Waislamu wenzangu, na wengine mniwie radhi kidogo.

Pwani yetu imejaa visima vilivyotolewa kwa nia safi kabisa, kumrehemu mzazi aliyefariki, kwa pesa za ndugu zetu wa hapa na wa nchi za Ghuba. Kisima ni sadaka yenye kuendelea, thawabu yake haikatiki maji yakiendelea kunywewa. Lakini nimeona kisima kimoja cha msikiti, sitakitaja, ambacho kibao chake cha marumaru ni cha thamani kuliko kipuri kilichokosekana. Maji yalikatika, na kwa mwaka mzima watu walikuwa wakitawadha kwa maji ya kununua huku wakilitazama jina la marehemu pale ukutani.

Tulivyorithi waqfu haikuwa hivyo. Sayyidna Uthman bin Affan, Mungu amridhie, alipokinunua kisima cha Ruma kule Madina kutoka kwa mtu aliyekuwa akiwauzia watu maji, alikiweka wazi kwa wote, na habari yake ingali inasimuliwa leo. Mafaqihi walioandika sheria za waqfu walisema wazi kwamba kinachopatikana kutokana na waqfu kwanza kiutengeneze waqfu wenyewe, ndipo wanaostahiki wagawiwe. Wazee wetu wa pwani walilifahamu hilo vizuri. Aliyejenga msikiti aliuwekea na shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, ili mafuta ya taa na mikeka visitegemee huruma ya mpita njia. Mnazi ulikuwa unautumikia msikiti.

Basi mwenye kutaka kutoa kisima, nusu ya jambo bado. Agawe pesa zake: kisima kimoja badala ya viwili, na kile kilichobaki kinunue chumba cha duka, au minazi, au mbuzi wa kikundi, mapato yaandikwe kwa jina la pampu. Najua kibao cha visima viwili kinapendeza zaidi katika picha.

Gazi, na daraja la Mida

Mtu akidhani hilo ni jambo la vitabu vya fikihi tu, aende Gazi, kusini ya Mombasa, akaone lilivyofanywa kwa njia nyingine. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinaulinda msitu wao wa mikoko wa hekta 117 kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, uliobuniwa pamoja na wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iliyo na kituo pale pale. Mikoko inafyonza hewa ya kaboni na kuihifadhi ndani ya tope. Kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka zinapimwa na kuuzwa kwa wanaotaka kufidia moshi wao. Pesa zinaingia kila mwaka, na wanakijiji katika mkutano wao ndio wanaosema ziende wapi. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye maji: mabomba, tangi, mifereji kijijini. Sehemu ikaenda kwa vitabu vya shule. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Ikweta ya UNDP, na majirani wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata njia hiyo hiyo.

Kwa lugha yangu huo ni waqfu. Mikoko imesimama mahali pa minazi, na mfereji mahali pa msikiti. Kuna wanaolalamika kwamba biashara ya kaboni inawaachia matajiri waendelee kuchafua, na malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Ila mfereji wa Gazi una kipato chake, na hiyo ni zaidi ya visima vingi nilivyovitaja.

Hapa kwetu tuna mfano mdogo ambao watu wanaupita kila siku. Njia ya mbao inayokwenda juu ya mikoko ya Mida ilitokana na mradi wa ASSETS ulioanzishwa 2001 na A Rocha Kenya, walio hapa hapa Watamu. Mgeni analipa kupita na kuangalia ndege, na pesa hizo zinasaidia karo ya sekondari ya watoto wanaokaa karibu na hori na msitu. Mbao katika maji ya chumvi huoza, hilo kila mwenye ngalawa anajua. Lakini ubao ukioza, seremala wa kuubadilisha yuko Dabaso, na anajua kipimo chake kwa macho.

Mitambo mikubwa

Sasa kuna miradi ya namna nyingine inayokuja. Kiunga, kaskazini kabisa mwa Lamu, tangu 2018 kuna mtambo wa shirika la Marekani la GivePower unaosafisha maji ya bahari kwa umeme wa jua, mahali ambapo watu walikuwa wakinywa maji ya visima vya chumvi. Ni kazi kubwa, na aliyewahi kuinywa chumvi hiyo hatauliza maswali siku ya kwanza. Lakini chujio za mitambo kama ile huziba na kutaka kubadilishwa, betri huchoka, na hakuna mama wa Kiunga atakayezitengeneza kwa spana moja. Mtambo wa namna hiyo unahitaji kampuni nyuma yake maisha yake yote, na bei ya maji lazima iibebe kampuni hiyo. Hilo si baya mradi lisemwe siku ya kwanza, mbele ya watu.

Watamu tunapata wageni wengi wenye moyo. Wataliano waliohamia, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya wanaokuja wiki mbili au tatu na kofia na koleo. Tuwapokee, ni wageni wetu. Lakini baraza la kijiji kabla ya kukata utepe liwaombe mambo ambayo Kwale iliyapata kwa jasho. Duka la vipuri lililo karibu liwe linajulikana jina, na bei ya kipuri kinachoharibika zaidi iandikwe. Pampu ifunguliwe na kufungwa na watu watatu wa kijiji, angalau wawili wao wanawake, hali mhandisi amekaa pembeni mikono mfukoni, kisha waifanye tena baada ya mwaka. Seti moja ya mipira na bushi iachwe nyumbani kwa mweka hazina siku hiyo hiyo. Na kama mgeni ana haraka, utepe unaweza kusubiri wiki. Kina mama wamesubiri maji zaidi ya hapo.

Kibao, wakikitaka, kiwekwe. Chini ya jina la mfadhili paachwe nafasi ya kuandika kwa chaki namba ya simu ya fundi, ili ifutwe na kuandikwa upya kila fundi anapobadilika.